Hisabati ya Mpemba

Dada yangu anauza barafu hapa Magomeni, Mtwara. Si biashara kubwa: friji moja sebuleni, sufuria la ubuyu, vifuko, na watoto wa mtaani na mia mia zao. Msaidizi wake ni binti yake wa darasa la sita. Jioni moja nilikuwa kwenye kochi nahangaika na habari iliyotakiwa kabla ya saa moja, binti akaja na vifuko viwili mkononi.

"Mjomba, mbona maji matupu yameganda na ubuyu wenye sukari bado? Si nimeviweka pamoja?"

Nikamjibu: "Wewe uza barafu. Maswali ya ajabu peleka shule."

Akaondoka kimya. Huku kwetu kusini mjomba si mtu mdogo, akisema amesema. Nikamaliza habari yangu, nikaituma kwa mhariri. Usiku ndipo nilipomkumbuka Erasto Mpemba, na usingizi ukakata.

Kwa asiyemjua: mwaka 1963 Mpemba alikuwa kidato cha tatu Magamba, kule Lushoto. Wanafunzi walikuwa wakitengeneza aiskrimu. Unachemsha maziwa, unatia sukari, unasubiri yapoe, kisha unaweka kwenye friji. Siku hiyo nafasi ilikuwa ya kugombania. Mwenzake mmoja akaweka maziwa yake bila hata kuyachemsha. Mpemba akaona akisubiri atakosa nafasi, akaingiza ya kwake yakiwa bado ya moto. Baada ya saa moja na nusu yake yalikuwa yameganda, ya mwenzake bado uji uji.

Akamuuliza mwalimu wa fizikia. Akaambiwa amechanganyikiwa. Alipofika Mkwawa, Iringa, akauliza tena. Mwalimu huyo mwingine akasema hiyo ni fizikia ya Mpemba, si fizikia ya dunia. Ukawa utani wa darasa zima. Kijana akikosea kusoma logi kwenye jedwali, anaambiwa: hiyo ni hisabati ya Mpemba.

Kisha akaja mgeni, Denis Osborne, mwalimu wa fizikia kutoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, enzi hizo kikiwa chuo kishiriki. Mpemba akasimama na swali lake lile lile: ukichukua maji ya kiasi sawa, haya ya nyuzi 35 na haya ya nyuzi 100, ukayaweka kwenye friji, ya nyuzi 100 yanatangulia kuganda. Kwa nini? Wenzake wakacheka. Osborne naye hakuamini, lakini aliahidi kwamba akirudi chuoni atajaribu. Mwaka 1969 wawili hao walichapisha makala pamoja katika jarida la Physics Education. Kijana aliyeuliza akiwa sekondari na mwalimu wa chuo, majina mawili kwenye ukurasa mmoja.

Kwa kawaida hadithi hii tunaimalizia hapo, kwa furaha: kijana alikuwa sahihi, waliocheka wakaumbuka. Miaka mingi nami niliisimulia hivyo. Siku hizi inanikwama kooni.

Sababu ni kwamba hatuna uhakika kama alikuwa sahihi. Mwaka 2016 watafiti wawili nchini Uingereza, Burridge na Linden, walipima maji kwa uangalifu na hawakuona ushahidi wa maana wa jambo hilo. Walionyesha pia kwamba ukisogeza kipimajoto sentimita moja tu, majibu yanaweza kubadilika. Sasa tufanyeje? Ikiwa heshima ya Mpemba ilitegemea kupatia, basi itabidi turudi Mkwawa tukamrudishie yule mwalimu kicheko chake, tumwambie samahani, ulikuwa na haki.

Mimi nasema hakuwa nayo. Kosa lake halikuwa kutomwamini kijana, kwa sababu Osborne naye hakumwamini. Kosa ni kwamba hakwenda kuangalia, na akahakikisha hata darasa halitaki kuangalia. Mtu anaweza kuwa sahihi kuhusu maji na bado akawa amemkosea mtu.

Najua utetezi upo. Mwalimu ana wanafunzi wengi, ana silabasi, ana mtihani wa taifa mbele yake. Hawezi kukimbiza kila swali. Hata mimi nilikuwa na habari ya saa moja. Lakini "sijui, jaribu tena kesho uniambie" haichukui muda mrefu kuliko "maswali ya ajabu peleka shule". Nimezihesabu sentensi hizo mbili. Ya ukarimu na ile ya kukatisha tamaa zina idadi sawa ya maneno.

Kuna mtu mwingine ndani ya kisa hiki ambaye ananisumbua zaidi. Osborne aliporudi chuoni alimpa fundi wa maabara kazi ya kupima. Fundi akaleta taarifa kwamba ya moto kweli yametangulia kuganda, ila wataendelea kurudia jaribio mpaka wapate jibu sahihi. Nilicheka niliposoma hapo, halafu nikaacha kucheka. Mimi ni mwandishi wa habari. Nimewahi kupiga simu kwa mtu wa kwanza, wa pili, wa tatu, mpaka nikampata anayesema kile ambacho kichwa cha habari kilikuwa kimeshakisema.

Na hisabati ya Mpemba? Mwaka 2017 wananadharia Lu na Raz waliandika hesabu zake kwa dhati. Kwa lugha ya huku kwetu: anayetoka Lindi kwa lami anaweza kumtangulia Magomeni yule anayetoka Msimbati, jirani kabisa, kama huyo wa jirani amekwama kwenye mchanga. Umbali si kila kitu. Njia nayo ina neno. Kitu cha moto kinaweza kupata njia ya mkato ya kupoa ambayo cha vuguvugu hakina. Mwaka 2020 Kumar na Bechhoefer, kule Kanada, walilionyesha hilo kwa kichembe kidogo cha glasi ndani ya maji. Leo wanafizikia na wanahisabati wanalipeleka jina hilo hadi kwenye mifumo ya kwanta, wakati ugomvi kuhusu maji ya friji haujaisha. Mpemba mwenyewe hakuishia maabara. Alikwenda kufanya kazi ya wanyamapori.

Jumamosi nilimwomba binti msamaha. Akaniangalia kama nimeumwa, maana mjomba haombi msamaha. Tukapanga vifuko sita: viwili vya maji, viwili vya sukari kidogo, viwili vya sukari nyingi. Yeye akashika daftari, mimi nikashika saa. Tulikuwa dakika ya arobaini umeme ulipokatika.

"Sasa tuandike nini?" akauliza.

Nikaanza kumweleza kwamba sukari huwa inachelewesha maji kuganda, nilishasoma mahali. Akanikatisha.

"Hapana mjomba. Leo tuandike nini?"

Akaandika mwenyewe: umeme umekatika, hatujaona. Tunarudia Jumapili.