UNACHEZA MBELE YA NANI?

Kijana mpendwa, hebu soma karatasi hii kabla hujaitia mfukoni.

Kule kazini kwenu wametangaza shindano la vipaji. Labda ni sherehe ya Mei Mosi, labda ni ya kufunga mwaka. Wafanyakazi watapanda jukwaani, huyu aimbe, yule aigize, na wakubwa watakaa viti vya mbele watoe alama. Jina lako limeshaandikwa: KUCHEZA. Na kweli unajua kucheza! Usiku unafanya mazoezi mbele ya kioo, muziki chini chini majirani wasiamke. Lakini moyoni una hesabu nyingine kabisa. Bosi ataniona. Labda kibarua kitageuka ajira. Labda yule dada wa masijala asiyeitikia salamu atalijua jina langu.

Usidhani nimekuja kukuambia kwamba kucheza ni dhambi. Wapo watakaokuambia hivyo, lakini Biblia ninayoisoma mimi ina watu wanaocheza. Miriamu alishika tari, na wanawake wote wakamfuata wakicheza, baada ya Israeli kuvuka Bahari ya Shamu (Kutoka 15:20). Daudi, mfalme mzima, alicheza mbele za Bwana kwa nguvu zake zote, mpaka mkewe Mikali akamdharau alipomchungulia dirishani (2 Samweli 6:14-16). Miguu hiyo uliyonayo ni Mungu aliyekupa. Basi swali ni hili: UNACHEZA MBELE YA NANI, NA UNATAKA AKUPE NINI?

Sasa sikia habari ya binti mmoja (Marko 6:21-28). Herode anafanya sherehe ya siku yake ya kuzaliwa. Walioalikwa ni akina nani? Wakubwa wa serikali yake, maofisa wa jeshi, na vigogo wa Galilaya. Yaani ni bosi na watu wake wa kazini! Anaingia binti wa Herodia, anacheza, ukumbi mzima hoi. Herode anaapa mbele ya wote kwamba atampa chochote atakachoomba, hata nusu ya ufalme.

Kijana, amepata! Kile unachokiota wewe usiku, yeye amekipata kwa wimbo mmoja. Halafu tazama anachofanya. Anatoka nje kumwuliza mama yake aombe kitu gani. Umeona hapo? Ameshinda, ila hajui anataka nini! Na kwa kuwa moyo wake ulikuwa mtupu, mama akaujaza chuki yake mwenyewe. Binti akarudi ndani mbio. Zawadi aliyoibeba usiku ule ilikuwa kichwa cha Yohana Mbatizaji kwenye sahani, na hata hiyo hakukaa nayo, alimpelekea mama.

Watu humwita Salome. Jina hilo tumelipata kwa Yosefo, mwanahistoria Myahudi. Injili zenyewe zinasema binti tu. Makofi yote yale, na jina halikuandikwa!

Na yule bosi je? Alikuwa anagawa ufalme ambao hata haukuwa wake. Herode Antipa alitawala sehemu tu ya nchi, tena chini ya Warumi. Mwaka 39 Kaisari alimvua madaraka akamfukuzia Galia, nchi ambayo leo ni Ufaransa. Nusu ya ufalme ingekuwa wapi siku hiyo? Bosi wako naye anaweza kukuahidi mengi bia zikishampanda. Jumatatu naye ana bosi wake, na barua ya kupunguza wafanyakazi haiulizi nani alicheza vizuri.

Iko nyumba nyingine yenye muziki. Fungua Luka 15. Kaka mkubwa anatoka shamba, anasikia watu wanaimba na kucheza. Nani ameshinda? Hakuna! Ni mdogo wake tu amerudi, yule aliyetapanya mali, aliyetamani hata chakula cha nguruwe. Baba hakumpa alama. Alimwona angali mbali, akamkimbilia, akambusu, akaagiza aletewe joho, pete na viatu. NDIPO ngoma ikaanza. Kazini unacheza kwanza ili upendwe. Kwa Baba huyu unapendwa kwanza, kucheza kunafuata. Na bei ya sherehe hiyo imelipwa kwa damu ya Yesu pale msalabani, wewe huchangii hata senti.

Sasa utapanda jukwaani au hutapanda? Hilo utaongea na Bwana mwenyewe. Ila kukata viuno ili walevi wapige meza, hilo mimi nakuambia wazi, acha.

Usingoje siku ya sherehe ipite. Hapo hapo ulipo, hata kama ni ndani ya daladala, sema na Mungu hivi:

“Bwana Yesu, nimetafuta macho ya watu na moyo wangu bado ni mtupu. Nisamehe dhambi zangu. Leo narudi nyumbani. Ingia moyoni mwangu, uandike jina langu katika kitabu cha uzima. Amina.”

Umeomba? Haleluya! Jioni njoo pale uwanjani, pembeni mwa jukwaa utakuta vijana wenzako, waambie tu, “Nimerudi nyumbani.” Na uvae viatu vya kuchezea, maana kwaya ikianza hapa hatukai.