Insafu ya Sikio

Je, mhakiki ana haki gani ya kuihukumu albamu mpya ambayo sikio lake halijaizoea? Swali hili wahakiki wa muziki hujiuliza kwa nadra, pengine kwa kuwa kazi yao huwataka watoe hukumu upesi, kabla ya msikilizaji kutoa fedha zake. Lakini katika jazi, metali, roki ya progresivu na muziki wa majaribio, swali halikwepeki, maana wanamuziki wa fani hizo aghalabu hukusudia hasa kulitoa sikio katika ada yake.

Mnamo Novemba 1961, John Tynan, akiandika katika jarida la Marekani liitwalo DownBeat, aliuita muziki wa John Coltrane na Eric Dolphy kuwa ni kinyume cha jazi. Hakuishia kusema kwamba haukumpendeza. Aliona humo nia ya kuibomoa fani kwa makusudi. Hapo ndipo, kwa maoni yangu, tahakiki inapogeuka kuwa dhuluma. Kutopendezwa ni haki ya kila mwenye masikio, lakini nia ya mtu haisikiki katika saksafoni. Anayeituhumu hana budi kuleta ushahidi.

Jarida hilo lilifanya jambo la kiungwana mwezi Aprili 1962: likawapa Coltrane na Dolphy nafasi ya kujibu. Dolphy alizungumzia ndege, namna sauti zao zilivyo na noti zilizo katikati ya noti zetu. Aliyelelewa na udi na fidla za taarab hahitaji kufafanuliwa sana maneno hayo, kwani anajua kwamba baina ya kitufe kimoja cha kinanda na kingine mna nafasi ya sauti. (Ahmed Abdul-Malik, mpiga besi wa New York, alikwisha kuviweka udi, kanuni na fidla pamoja na saksafoni katika Jazz Sahara, aliyoirekodi 1958.) Mwezi huohuo wa Aprili, Pete Welding na Ira Gitler walichapisha tahakiki mbili za albamu moja ya Coltrane, iliyorekodiwa katika klabu ya Village Vanguard, nao hawakukubaliana. Msomaji aliachiwa wasaa wa kupima mwenyewe.

Sisi wapenzi wa ushairi tuna neno linalosaidia hapa: guni. Shairi ni guni pale mtunzi anaposhika njia ya vina na mizani, kisha akateleza. Euphrase Kezilahabi alipotoa Kichomi mwaka 1974, wapo waliosema kwamba yale si mashairi. Mtu anaweza kuyapenda au kuyachukia, lakini kuyaita guni ni kukosea mizani yenyewe, kwa kuwa mtunzi hakuteleza katika njia ambayo hakuishika. Kosa la kutoifikia kanuni na uamuzi wa kutunga kwa kanuni nyingine ni mambo mawili, na mhakiki asiyeyatenga huandika mengi pasipo kusema kitu.

Ndivyo ilivyokuwa kwa Black Sabbath, vijana wa Birmingham, Uingereza, waliotoa albamu yao ya kwanza Februari 1970. Lester Bangs, katika Rolling Stone, aliwapima kwa kipimo cha kundi la Cream akawaona wamepungukiwa. Kumbe uzito ule wa gita la Tony Iommi, mtu aliyepoteza ncha za vidole viwili kiwandani, haukuwa Cream iliyoharibika. Ulikuwa mlango wa metali. Bangs mwenyewe alikuja kuwaandikia kwa heshima mwaka 1972.

Visa kama hivi vimezaa woga. Mhakiki anayechelea kuchekwa na vizazi vijavyo husifu kila kelele, nao ni udanganyifu usiopungua ule wa kwanza. Lou Reed alitoa Metal Machine Music mwaka 1975, pande nne za santuri zilizojaa mingurumo ya gita, pasipo kuimba wala ngoma, na wengi waliirudisha dukani. Mwaka 2002 kundi la Zeitkratzer liliipiga Berlin kwa ala za kawaida, kutokana na noti zilizonakiliwa kwa sikio. Mimi bado naiona inachosha. Heshima iliyokuja baadaye hainilazimishi kusema vingine, wala kuchoka kwangu hakunipi idhini ya kudai kwamba Reed alikuwa akiwakejeli wanunuzi. Ninachoweza kumwambia msomaji kwa uaminifu ni kile kilichomo, pale usikivu wangu unapokoma, na sikio langu limelelewa na nini.

Wengine husema kwamba haya ni maneno matupu, kwa kuwa tahakiki haimzuii msanii kupiga. Tumtazame Dolphy. Februari 1964 alirekodi Out to Lunch!, kisha akaelekea Ulaya, akieleza kwamba nchini kwake mtu akijaribu jambo tofauti hubezwa. Tarehe 29 Juni mwaka huo alifariki Berlin, akiwa na umri wa miaka 36, kabla albamu hiyo haijaingia madukani.