Subira Unayo

Wewe mume wa Meru au Embu unayeunda kwa plastiki mfano wa ndege ya kivita F-5, kama zile za kambi ya Laikipia kule Nanyuki, je, unakosea? La. Kujiburudisha si dhambi. Lakini tazama: kwa kipimo cha 1 kwa 72, ndege ya mita 14 inakuwa ya sentimita 20 hivi. Unasugua kila kipande kwa msasa, unangoja gundi ikauke bila kunung'unika. Mkeo akikawia kumaliza neno moja, unafoka. Basi subira unayo; umemnyima yeye tu.

Nawe mama, usiiite takataka kazi ya mikono yake. Keti karibu, mshikie bawa.

Bwana, usiku wa leo funika gundi kwanza, umsikilize.