Je, Hao ni Wetu?



Ijumaa iliyopita kwenye maombi nilisema tuwaombee Wakaren, ambao vita vimewafukuza vijijini mwao. Mama mmoja akashtuka: vita Karen, hapa Nairobi? Tukacheka sote. Hapana, mama. Hawa Wakaren ni kabila la milima ya kusini-mashariki mwa Myanmar, mpakani na Thailand. Ni nchi ile ambayo babu zetu wa KAR walipelekwa kupigana wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, wakiiita Burma.

Kicheko kilipoisha, mzee mmoja wa kanisa akauliza: "Pasta, lakini hao ni wetu?" Alimaanisha, je, wameokoka? Aliuliza kwa nia njema, maana mfuko wa sadaka ni mdogo na shida ni nyingi. Lakini swali hilo limeninyima usingizi wiki nzima.

Jibu rahisi nilikuwa nalo. Mkaren wa kwanza kujulikana kubatizwa, Ko Tha Byu, alibatizwa mwaka wa 1828, miaka 16 kabla ya Krapf kufika Mombasa. Wako Wakaren wengi wanaoabudu Jumapili kama sisi. Tena tangazo la sadaka nilikuwa nimeshaliandika: "Wakristo Wenzetu Wanateswa." Nilisomea biashara, najua tangazo la namna hiyo linafungua mifuko. Shida ni kwamba lilikuwa nusu ya ukweli. Wakaren walio wengi ni Wabudha. Bomu likianguka kijijini, linaangukia wote.

Hebu tuone wanayoyapitia. Vita kati ya wapiganaji wa Karen na jeshi la serikali vilianza Januari 1949, mwaka mmoja tu baada ya nchi kupata uhuru. Tangu miaka ya 1960 jeshi limetumia mbinu inayoitwa mikato minne: kuwakatia waasi chakula, pesa, habari na vijana wa kujiunga nao. Kwenye karatasi inafanana na mpango wa biashara. Mkatie mpinzani wako bidhaa, atafunga duka. Lakini uliza, hicho chakula kiko kwa nani? Kiko kwa mama wa kijijini mwenye ghala lake la mpunga. Kwa hiyo ghala linachomwa. Kijiji kinahamishwa kwa nguvu. Wanaume wanabebeshwa risasi na vyakula vya jeshi, na wengine wametangulizwa njiani ili wao ndio wakanyage bomu kwanza. Wanaosalia wanaficha mpunga msituni na kulala huko na watoto.

Na huyo mama hana pa kusimama. Wapiganaji wa upande wake nao wanahitaji mchele, na wanahitaji vijana. Akitoa, jeshi linamwita adui. Akikataa, kwake wanamwita msaliti. Kila mwenye bunduki anayefika mlangoni pake ana swali lilelile: "Wewe ni wa nani?"

Swali hilo liliwaumiza hata Wakaren wenyewe. Desemba 1994 wapiganaji Wabudha waliwaasi viongozi wao, ambao wengi walikuwa Wakristo, wakilalamika kwamba wanabaguliwa. Wakaenda upande wa jeshi. Mwezi uliofuata makao yao makuu, Manerplaw, yakaanguka, na raia kwa maelfu wakavuka kwenda Thailand. Huko kuna kambi za wakimbizi zilizokaa zaidi ya miaka 30. Sisi wenye Dadaab na Kakuma hatuhitaji kuelezwa maana ya mtoto kuzaliwa kambini na kuolewa kambini.

Mwaka wa 2021 jeshi lilipindua serikali, na mwezi Machi ndege zikaanza kupiga vijiji vya Wakaren. Mwaka wa 2023 Myanmar iliongoza dunia nzima kwa watu waliouawa au kujeruhiwa na mabomu ya ardhini na vilipuzi vilivyoachwa: 1,003 waliohesabiwa. Mabomu hayo yanategwa na pande zaidi ya moja. Mkulima anakwenda shamba, anarudi amebebwa.

Wapendwa, sisi pia tunalijua swali hilo. Januari 2008 nilikuwa kijana kwenye matatu iliyosimamishwa na vijana wenye mapanga. Hawakuuliza kama tumekula. Waliuliza vitambulisho, wasome majina. Mimi nilipita. Kuna abiria waliteremshwa, nami nilitazama chini. Nikakumbuka macho yale niliposikia "hao ni wetu?" Nikaona kwamba mimi na tangazo langu tulikuwa tumeweka kizuizi chetu mlangoni mwa kanisa, tunakagua majina kabla ya kuhurumia.

Mzee wetu alinikumbusha Wagalatia sura ya 6, ambapo Paulo anawaweka watu wa nyumba ya imani mbele. Ni kweli, na silipingi Neno. Lakini Paulo huyohuyo anaanza na watu wote. Mama akipakua, wanawe wanapata kwanza. Hiyo haimaanishi mtoto wa jirani akae pale jikoni akitazama sahani. Na katika Luka 10, yule mtu aliyepigwa njiani hatuambiwi kabila lake wala imani yake. Yesu hakutuachia nafasi ya kukagua kitambulisho. Alituachia majeraha tu, na swali la nani atasimama.

Kwa hiyo nimelibadilisha tangazo. Sasa linasema: "Wanavijiji wa Karen Wanateswa." Najua huenda sadaka ikapungua. Katika hesabu nilizofundishwa hiyo ni hasara, na mzee ana haki ya kuniuliza tukifunga vitabu. Nitamjibu kwamba heri bahasha nyepesi kuliko sadaka iliyopatikana kwa nusu ya ukweli.

Wiki hii, katika vikundi vya nyumbani, ombeni kwa ajili ya mama yule na mpunga wake msituni. Msimuulize ni wa nani. Ameshaulizwa vya kutosha.

Mungu awabariki.