Injini Hii Ni Ileile?

Fundi wa Ikola akishusha injini ya dizeli ya Land Rover kuukuu, akatia ringi na beringi mpya, akachonga kranki, bloku ikabaki ile ya zamani, je, msomaji, injini ni ileile? Ile meli ya ziwani Wajerumani waliizamisha 1916, mashine zimepakwa grisi. Ikaibuliwa 1924, miaka ya 1970 ikatolewa mvuke, ikatiwa dizeli. Bado ni Liemba.

Swali tamu hilo, la kijiweni. Mimi lanikera jingine. Mwenye gari, mfuko umetoboka, anasema gasketi ya zamani irudishwe. Fedha kaokoa yeye. Abiria wa kwenda Mpanda, mgonjwa kampakata, nani kamuuliza? Gari likichemsha porini usiku, ndiye atakayelala hapo.