Saa ya Rubani na Visima vya Elwak

Je, mtu anaweza kukipenda kifaa cha vita bila kuvipenda vita vyenyewe? Waulize wanaokusanya saa za mfukoni za marubani wa kijeshi wa zamani, watakujibu papo hapo: mbona isiwezekane? Wao wanapenda ufundi tu. Na kusema haki, ufundi upo. Chukua saa ya Mark V ya marubani wa Uingereza katika Vita Kuu ya Kwanza: uso mweusi, tarakimu nyeupe kubwa, na shina refu la kuijazia ili rubani aifikie ikiwa imepachikwa mbele yake. Ukiijaza mara moja inakwenda saa 30. Au ile Hamilton 4992B, iliyotengenezwa Marekani kwa wasoma ramani wa ndege za Vita Kuu ya Pili, ambayo akrabu yake ya saa huzunguka mara moja tu kwa siku nzima. Ni vitu vizuri, hakuna ubishi.

Lakini uzuri huo ulikuwa na kazi. Juu ya nchi kavu isiyo na mto wala reli ya kufuata, rubani alijua alipo kwa hesabu ya mwendo na muda. Ndege inayokwenda kilomita 240 kwa saa inakula kilomita nne kila dakika. Kutoka Wajir hadi Elwak, kwa mstari ulionyooka, ni kama kilomita 150. Ukikosea dakika mbili, umekosea kilomita nane; ulikuwa unatafuta kambi ya adui, kumbe uko juu ya ngamia wa watu. Aliyesafiri usiku kwa kupima nyota alibanwa zaidi, kwa kuwa karibu na ikweta dunia huzunguka takriban mita 460 kila sekunde. Basi saa haikuwa pambo. Ilifanya kazi pamoja na silaha, na bila hiyo silaha ilikuwa kipofu.

Elwak iliionja hesabu hiyo. Tarehe 16 Desemba 1940, brigedi ya Afrika Kusini chini ya Dan Pienaar, pamoja na brigedi ya wanajeshi wa Gold Coast, Ghana ya leo, walivamia vituo vya Waitaliano hapo mpakani, huku ndege za Afrika Kusini zikisaidia kutoka angani. Vitabu vya vita huliita pambano dogo. Kwa Afrika Kusini lilikuwa la kwanza la nchi kavu katika vita ile. Mjini Accra kuna uwanja wa michezo unaoitwa El Wak kwa kumbukumbu ya siku hiyo. Hebu fikiria: jina la visima vyetu limeandikwa kwenye uwanja wa mpira upande wa pili wa bara.

Maana Elwak ni visima kabla ya kuwa kitu kingine chochote. Kwa Kisomali, ceel ni kisima, na Waaq ni jina la kale la Mungu linalojulikana kwa Wasomali na kwa Waborana pia. Hapo muda ulipimwa kwa zamu: nani ananywesha leo, nani kesho, ngamia wa nani wametoka mbali zaidi. Siku ile saa mbili zilikutana, ya rubani ya sekunde na dakika, na ya mfugaji ya jua na zamu ya maji. Ya rubani ndiyo inayouzwa leo kwenye mnada. Ile nyingine haina chuma cha kushikwa mkononi.

Wapo watakaosema chuma hakina dhambi. Saa haikuamua kupiga mtu. Ilihesabu tu, kama inavyohesabu dakika za kuchemsha mayai. Hoja hiyo ina nguvu, nami sitaki kumtia mtu hatiani kwa sababu ya kitu kilicho kabatini mwake. Zaidi ya hapo, bila wakusanyaji saa nyingi zingevunjwa kuwa vipuri zamani. Mwenye kuifungua, kuisafisha na kuitia mafuta ameokoa ushahidi ambao hata majeshi yenyewe yaliutupa.

Tatizo ni jinsi saa hizi zinavyouzwa. Anayezijua atakwambia kwamba saa tupu ina bei yake, na saa yenye hadithi ina bei nyingine kabisa. Ukiweza kuonyesha ilikuwa ya kikosi gani, iliruka wapi, mwaka gani, bei inapanda. Kwa hiyo anayesema ananunua ufundi tu hasemi yote. Ananunua vita pia, ila vita vya upande mmoja: vya yule aliyekuwa juu. Jina la rubani linaongeza thamani. Jina la mwenye kisima halina soko. Wahenga walisema wapiganapo tembo nyasi huumia. Hawakusema kwamba baadaye meno ya tembo yatauzwa kwa bei nzuri na nyasi zisitajwe.

Uso wa saa wenyewe una somo la namna hii. Nyingi za wakati ule zilipakwa rangi yenye radiamu ili zing'ae gizani. Marekani, katika miaka ya 1910 na 1920, wasichana waliopaka nyuso za saa walifundishwa kuchongoa brashi kwa midomo yao, wakaimeza sumu kidogo kidogo, na wengi wakaugua taya na mifupa hadi kufa. Mng'ao wa rangi hiyo hufifia baada ya miaka michache, lakini radiamu yenyewe huchukua miaka 1,600 kupungua nusu. Kwa hiyo ukiizima taa leo saa haiwaki, ila kilichowaua wale wasichana bado kimo. Wao pia hawamo kwenye cheti cha mnada.

Sasa mkusanyaji afanye nini? Aitupe? Hapana. Nyuma ya nyingi ya saa hizi umepigwa muhuri wa mshale mpana, alama ya mali ya serikali ya Uingereza. Rubani mwenyewe hakuimiliki. Alikabidhiwa kwa kazi. Tangu mwanzo ilikuwa saa ya amana, na amana ina masharti. Kwetu mtu akikuachia ngamia umtunzie, hutoi habari ya afya yake tu. Unasema amekula wapi na amemkanyaga nani.

Mali bila daftari hupotea bila habari. Wakusanyaji wana daftari tayari: namba ya mashine, jina la kiwanda, tarehe ya kusafishwa. Waongeze ukurasa mmoja. Kama saa inauzwa kwa jina la kampeni ya Afrika Mashariki, ukurasa huo ueleze nani walikuwa chini: visima gani, mji gani, watu gani, na wanasema nini juu ya siku hiyo kwa lugha yao. Asiyeweza kuujaza asiuze hadithi. Auze saa tupu kwa bei ya saa tupu. Hiyo ni haki ndogo tu, wala haihitaji mahakama.

Nasi huku tusingoje mnunuzi wa mbali atuandikie. Mtoto aliyekuwa na miaka kumi Desemba ile amezaliwa 1930 hivi, na leo, kama yu hai, amekaribia miaka mia. Waliosimuliwa na wazazi wao nao sasa ni wazee. Simu yenye kinasa sauti iko mfukoni mwa kila kijana wa Elwak, pale pale ambapo babu wa mtu mwingine alibeba saa ya jeshi. Aitoe, aketi karibu na mzee, aulize kwa adabu: ndege zilikuja wakati gani, na zamu ya kunywesha siku ile ilikuwa ya nani? Huenda mzee akajibu kwamba jua lilikuwa bado halijachomoza. Hilo nalo ni jibu la saa, na liandikwe.