Usimpakie Rafiki Mzigo Asiouweza



Ijumaa hii tuzungumze juu ya donda ambalo wengi wetu tunalificha. Si donda la adui. Adui akikuumiza hushangai. Ni donda la rafiki: yule uliyekula naye, aliyepokea zamu yake katika likelemba, kisha zamu yako ilipofika akasema hana kitu. Ulipofiwa hakuja. Uliposingiziwa alinyamaza. Mtu wa namna hii tumfanye nini?

Kwanza tumjue binadamu alivyo. Watazameni vijana wanaosukuma kinga zenye mizigo kati ya Kasongo na Kindu. Anayeijua kazi huitazama kinga kwanza, ndipo anapakia. Akizidisha mchele na mawese, gurudumu litapinda njiani, na kuitukana kinga hakutamfikisha. Moyo wa mtu nao una kipimo chake. Rafiki yako ana njaa yake, ana hofu yake, ana watoto wa kulipia masomo. Ukitaka asisahau kamwe, asichoke kamwe, aijue huzuni yako kabla hujasema, umemdai sifa zilizo za Mola peke yake. Masikitiko mengine hayaletwi na rafiki, yanaletwa na mzigo tuliompakia.

Lakini utasema: «Imamu, wangu hakushindwa, alinikosea kweli.» Basi sikiliza habari ya Abu Bakr na Mistah.

Mistah bin Uthatha alikuwa maskini, muhajiri, mtu wa Badr, na jamaa wa Abu Bakr kwa upande wa mama. Abu Bakr ndiye aliyemtunza. Kisha Bibi Aisha, binti wa Abu Bakr, akasingiziwa mjini Madina, na Mistah akawa miongoni mwa walioeneza maneno yale. Fikiri, ndugu: mtu unamlisha, naye anamvunjia mtoto wako heshima! Bibi Aisha alipotakaswa kwa wahyi, Abu Bakr akaapa kwamba hatampa Mistah kitu tena. Nani kati yetu angemlaumu? Lakini ikateremka aya ya 22 ya Surat an-Nur, ikawakataza wenye uwezo wasiape kuwanyima jamaa zao, na ikawakumbusha kwamba wao pia wanahitaji msamaha wa Mungu. Abu Bakr akamrudishia Mistah matunzo yake.

Angalieni mambo mawili. La kwanza, kosa halikuitwa jema: mapokezi yanasema Mistah alipigwa viboko 80 vya kusingizia. La pili, chakula chake hakikukatwa. Haki ilipita njia yake, na huruma ikapita njia yake.

Sisi tunachanganya hizo njia mbili. Kwa deni la franka tunakata salamu, tunakata mazishi, tunawakataza watoto wetu wasicheze na watoto wake. Katika nchi hii, ambamo vita vilivyoanza 1996 vimetawanya jamaa nyingi, nani ana ndugu wa ziada hata awatupe?

Basi fanya hivi. Deni lako lidai kwa upole, mbele ya wazee. Siri ambayo hakuweza kuitunza, usimpe tena. Kusamehe si kujifanya kipofu. Lakini salamu yake itikia, mgonjwa wake mtembelee, maiti wake msindikize. Mpunguzie mzigo mpaka kipimo anachokiweza, naye atakufaa kwa kipimo hicho. Rafiki wa kilo ishirini si wa kutupwa kwa sababu hakubeba mia.

Na usiku, kabla ya kumhesabia makosa yake, jiulize: ni nani mtaani humu analala na donda ulilomtia wewe, naye bado anakusalimu?

Mola atupe vifua vipana, atupatanishe na wale tuliowakimbia, na asituache peke yetu siku ambayo marafiki wote watashindwa. Amin.